Mita Iko Wapi?



Fundi seremala anayevuta futikamba haulizi mita yake imetoka wapi. Mimi ninalipwa kuuliza, kwa hiyo nivumilieni jioni hii.

Pwani yetu ilikuwa na shibiri, dhiraa na pima, na biashara ilikwenda. Ugomvi ulikuwa juu ya mkono wa nani unapima. Wanasayansi wa Ufaransa walitaka kumaliza ugomvi wa namna hiyo kwa kukitoa kipimo mikononi mwa watu kabisa. Mwaka 1791 ikaamuliwa kwamba mita iwe sehemu moja kati ya milioni kumi za umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta. Wawili wao, Delambre na Méchain, wakaanza kazi mwaka 1792, wakiunganisha pembetatu kwa pembetatu kutoka Dunkerque hadi Barcelona, katikati ya mapinduzi na vita, huku vyombo vyao vikiwatia watu shaka ya ujasusi. Mwaka 1799 ufito wa platinamu ukawekwa rasmi jijini Paris.

Ufito ule ulikuwa mfupi. Umbali ule wa ncha hadi ikweta unakaribia kilomita 10,002, si 10,000, maana yake kila mita ilipungua takriban milimita 0.2. Sababu kubwa ni umbo la dunia: walikadiria kwamba imebonyea kidogo kuliko ilivyo.

Linalonivutia ni walichofanya wajukuu wao. Hawakuirefusha mita. Ufito mpya wa platinamu na iridiamu wa mwaka 1889, uliohifadhiwa Sèvres, uliufuata ule wa zamani, upungufu wake ukiwemo. Dunia ikaondolewa kazini kimyakimya. Mwaka 1960 ufito nao ukaachwa, mita ikahesabiwa kwa mawimbi ya mwanga wa kriptoni. Na tangu 1983 mita ni umbali ambao mwanga husafiri katika ombwe kwa sehemu 1/299,792,458 ya sekunde.

Ndiyo kusema kasi ya mwanga haipimwi tena kwa mita. Imeamuliwa. Maabara inayojaribu kuipima leo inakagua tu usahihi wa vyombo vyake. (Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hunikatalia hapa, na wana haki ya kukataa kwa wiki moja.) Urefu umekuwa tawi la saa: katika nanosekunde moja mwanga hukata sentimita 30, katika mikrosekunde moja mita 300.

Kiwango hicho cha mita 300 wapima ardhi wa Afrika Mashariki wanakijua kwa sababu nyingine. David Gill, mkuu wa kituo cha kuangalia nyota huko Cape, alitaka mnyororo wa pembetatu uende hadi Cairo kwa kufuata longitudo ya nyuzi 30 mashariki. Kipande cha magharibi mwa Uganda kilipimwa 1908 na 1909. Mnyororo wote ulikamilika mwaka 1954. Kutokana nao tukapata mfumo wa Arc 1960, ambao ramani nyingi za Kenya, Tanzania na Uganda zimechorwa juu yake. Chukua karatasi ya ramani hiyo ya kipimo cha 1:50,000, kisha weka juu yake nukta uliyoisoma kwenye GPS bila kubadili mfumo: itaangukia kama milimita 6 pembeni, yaani mita 300 hivi ardhini. Hiyo yatosha kuhamisha kisima kikaingia shamba la jirani.

Mita ya ramani na mita ya GPS ni ile ile. Ila Arc 1960 iliundwa ilingane na ardhi ya upande wetu, na kitovu cha umbo la dunia ambalo mfumo huo unalitumia hakiko pale kilipo kitovu cha uzito wa dunia, ambacho setilaiti hukizunguka na GPS huhesabu kuanzia hapo. Ndiyo maana jina la mfumo huchapwa pambizoni mwa ramani, kwa herufi ndogo ambazo mahakama za ardhi zingefaa kuzisoma kwanza.