Nyumba za Wafanyakazi wa Reli kama Urithi: Mfano wa Swindon, Uingereza



1. Utangulizi

Urithi wa reli ukitajwa, wengi wetu huwaza injini za mvuke, madaraja na stesheni. Nyumba walimolala mafundi husahaulika. Mada hii inahusu nyumba moja ya aina hiyo, namba 34 Faringdon Road, katika mji wa Swindon nchini Uingereza, iliyojengwa enzi za Malkia Victoria. Hoja yangu ni hii: thamani ya nyumba ya mfanyakazi haiko kwenye mawe yake tu. Iko katika yale inayotufunulia kuhusu mwajiri na mwajiriwa: nani alijenga, nani alilipa na nani alinufaika.

2. Chimbuko la mji

Mwaka 1840 kampuni ya Great Western ilikuwa ikijenga reli ya London hadi Bristol chini ya mhandisi Isambard Kingdom Brunel. Daniel Gooch, msimamizi wa injini aliyekuwa na umri wa miaka 24 tu, alimwandikia Brunel akipendekeza karakana kuu iwekwe Swindon. Hapo ndipo njia ya Cheltenham ingechepuka, mfereji wa kuletea makaa ulikuwa jirani, na palifaa kubadilishia injini kabla ya treni kukabili miinuko ya upande wa magharibi. Karakana ilianza kazi mwaka 1843.

Mafundi walitoka mbali, na Swindon ya wakati huo ilikuwa mji mdogo wa soko juu ya kilima. Nyumba za kuwatosha hazikuwepo, na kampuni ilikuwa imebanwa kifedha. Ikaingia mkataba na wajenzi J. na C. Rigby wa London: wajenge stesheni na nyumba zipatazo 300 kwa fedha zao, kisha wajilipe kwa kodi za nyumba na faida ya mkahawa wa stesheni. Ili mkahawa usikose wateja, treni za kawaida za abiria zilitakiwa kusimama Swindon kwa dakika kama kumi. Abiria aliyeteremka kunywa kahawa alikuwa, bila kujua, akichangia paa la fundi. Sharti hilo liliikera kampuni kwa nusu karne, hadi mwaka 1895 ilipotoa pauni 100,000 ili kujinasua.

3. Nyumba yenyewe

Mitaa ya kijiji cha reli kilichoundwa na nyumba hizo ilipewa majina ya miji iliyofikiwa na treni: Bristol, Exeter na Taunton upande mmoja, London, Oxford na Reading upande wa pili. Nyumba ni za mawe, zimeshikana ukuta kwa ukuta. Mbele kuna kibustani. Nyuma kuna ua unaotokea uchochoroni. Ukubwa ulifuata cheo, na namba 34 ni ya daraja la mnyapara.

Nyumba hiyo ilitengenezwa upya iwe makumbusho, ikionyesha maisha ya karibu mwaka 1900. Mgeni hukuta taa za gesi, jiko la chuma la makaa, sufuria kubwa ya kuchemshia nguo iliyojengewa ndani ya matofali, na beseni la bati la kuogea. Kuchagua mwaka 1900 badala ya miaka ya 1840 kuna faida, maana tunaiona nyumba ikiwa imekaliwa na kuzoeleka. Lakini kuna kasoro pia. Chumba kilichopangwa nadhifu hakisemi habari za miaka ya mwanzo, familia zilipobanana na wapangaji wakaongezwa juu yao. Mhifadhi anapochagua mwaka wa kuonyesha, anachagua pia nani asionekane.

4. Nje ya kuta nne

Nyumba hizi hazieleweki bila taasisi zilizozizunguka. Mwaka 1847 biashara ilipodorora na wafanyakazi wengi kupunguzwa, Gooch aliiomba kampuni impe daktari nyumba bila kodi, naye awatibu bure waliopoteza kazi pamoja na familia zao. Mwaka huohuo ukaundwa mfuko wa matibabu uliochangiwa kwa makato ya mishahara. Baadaye mfuko ukawa na hospitali yake, iliyofunguliwa mwaka 1871, na hata mabwawa ya kuogelea. Uingereza ilipoanzisha huduma ya afya ya taifa mwaka 1948, mafundi wa Swindon walikwisha kuchangiana matibabu kwa karne nzima. Walikuwa pia na chama chao cha elimu, chenye maktaba na ukumbi.

5. Uhifadhi

Katika miaka ya 1960 kijiji kilikuwa kimechakaa. Mwaka 1966 halmashauri ya mji ilikinunua kutoka shirika la reli, ikakikarabati na kuendelea kupangisha. Karakana ilifungwa mwaka 1986, lakini kijiji hakikufa nayo. Nyumba moja ikawa makumbusho, nyingine zikabaki makazi ya watu. Huo ndio uamuzi uliokiokoa, kwa sababu nyumba yenye mpangaji hupata mtu wa kuziba paa linapovuja.

6. Mafunzo kwetu

Nairobi nayo ilizaliwa na reli, mwaka 1899, Victoria akiwa bado kwenye kiti cha enzi. Swindon ukubwa wa nyumba ulifuata cheo. Kwetu ulifuata na rangi ya ngozi, maofisa Wazungu wakikaa kilimani na vibarua wakirundikwa kwenye landhi, yaani kota zao. Historia hiyo ni chungu, na ndiyo maana inastahili kuhifadhiwa. Tukibakisha bangalo la ofisa na kubomoa landhi, tutakuwa tumehifadhi nusu ya habari.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kota za reli zilizosalia ziorodheshwe, zipigwe picha na kuchorwa ramani kabla ya mradi wowote wa ujenzi. Pili, wastaafu wa reli na wake zao warekodiwe, maana ndio wanaojua nani alilala wapi na maji yalichotwa wapi. Tatu, mpango wowote wa uhifadhi uanze na wapangaji waliomo, si kwa kuwahamisha.

Wastaafu wanazidi kupungua kila mwaka. Nawaomba washiriki tusitoke hapa bila kuunda kamati ya kuanza na hilo la pili.