Utumbo wa Kuku na Majani ya Dawa

Hotuba iliyosomwa mbele ya wafugaji, Masagati



Nimeombwa kusema habari za kuku wa nyama. Mimi ni karani, si tabibu wa mifugo. Ila nimepata hasara, na hasara hiyo ndiyo iliyonifanya niulize na kusoma.

Masika moja nilileta vifaranga 50 wa siku moja kutoka Ifakara. Muuza dawa mmoja akanishauri nitie unga wa antibiotiki katika maji yao kila siku mpaka siku ya kuchinja, wapate kunenepa upesi. Nikafanya hivyo. Juma la nne mvua ikaingia bandani, maganda ya mpunga niliyotandika yakalowa. Vifaranga wakajikunyata, wakahara damu, wakafa 32. Bwana mifugo alipompasua mmoja, niliona utumbo umevimba na kujaa damu.

Ugonjwa ule huitwa koksidiosi. Kimelea chake si bakteria, basi unga wangu haukuwa dawa yake. Kuku mgonjwa hutoa mayai ya kimelea katika mavi. Penye joto na unyevu mayai hayo hukomaa kwa siku moja au mbili tu, kisha kuku mwingine huyadonoa. Ndani ya tumbo vimelea huingia katika ukuta wa utumbo na kuupasua. Na ukuta huo una vinyweleo vidogo visivyohesabika, mfano wa taulo, navyo ndivyo vipokeavyo chakula. Vikiharibika, mahindi uliyoyanunua kwa fedha yako hupita tu na kutoka nyuma.

Desturi ya kulisha kuku antibiotiki ili wakue ilianza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940. Baadaye ikaonekana kwamba bakteria huzizoea dawa hizo, na nyingine ni zile zile tunazotibiwa sisi na watoto wetu. Sweden ikaikataza desturi hiyo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya wote tangu tarehe 1 Januari, 2006. Ndipo wataalamu wengi walipogeukia mimea.

Hapa kwetu mimea hiyo ipo. Majani ya mlonge yakaushwe kivulini, yatwangwe, na kilo 1 ya unga wake ichanganywe na kilo 19 za chakula. Yana protini nyingi, lakini yakizidi sana kuku hudumaa. Kitunguu saumu lazima kipondwe kibichi, kwa maana nguvu yake ya kuzuia bakteria huzaliwa kinapopondwa, na moto huiondoa. Pilipili nayo huchanganywa kidogo. Wala msiwahurumie, kwa kuwa ndege hawasikii ukali wake kama sisi. Mwarobaini ni mchungu, ukizidi kuku hukataa chakula.

Lakini nawasihi, msidhani majani haya yataponya kila kitu. Mdondo hauponywi kwa majani wala kwa antibiotiki. Kinga yake ni chanjo, kama ile ya I-2 itengenezwayo hapa nchini, ambayo huvumilia joto kuliko nyingine, nayo hutiwa tone moja jichoni. Kuku akiharisha damu, mwiteni bwana mifugo siku ile ile, maana koksidiosi ina dawa zake. Na kuku aliyepewa dawa yo yote asichinjwe kabla ya kutimia siku zilizoandikwa kwenye chupa. Pumba za mpunga pia zisiwekwe muda mrefu: mafuta yake huchacha upesi, na chakula kilichochacha huwadhuru kuku.

Mwaka uliofuata nilileta vifaranga 50 tena. Nikainua sakafu, nikaezeka upya, nikageuza maganda kwa reki kila asubuhi na kuondoa yaliyolowa, nikawapa na mlonge. Walikufa 4. Mimi nilisifu mlonge. Mke wangu akasema ni reki, naye ndiye aliyekuwa akiishika siku nilizokuwa ofisini. Nadhani yeye ana haki zaidi kuliko mimi.