Kupima Kifurushi cha Vinywaji na Ubora wa Huduma Katika Meli Ndogo za Mto Nile



Mada yetu ya leo yaweza kuonekana ndogo, lakini inagusa fedha ambazo wengi wenu mmeziweka kidogo kidogo kwa miezi mingi: namna ya kupima kifurushi cha vinywaji na ubora wa huduma kabla ya kulipia safari ya matembezi kwa meli ndogo. Ili maelezo yetu yawe na mahali pa kusimamia, tumechagua safari moja inayojulikana sana, nayo ni ile ya Mto Nile kati ya Luxor na Aswan, nchini Misri.

Safari hiyo ina urefu wa zaidi ya kilomita 200. Kwa desturi, meli zinazoanzia Luxor huuza safari ya usiku 4, na zinazoanzia Aswan huuza safari ya usiku 3. Njiani kuna Esna, ambako meli huvuka malango ya maji, kisha Edfu na Kom Ombo, penye mahekalu ya kale. Vyombo vyenyewe ni vya aina mbili. Cha kwanza ni meli ya injini yenye vyumba 50, 60 au zaidi, ambayo huhesabiwa kuwa hoteli inayoelea. Cha pili ni dahabia, chombo cha tanga chenye vyumba vichache, mara nyingi visivyozidi kumi, ambacho huvutwa na boti ya injini upepo unapokosekana.

Bei inayotangazwa kwa kawaida hujumuisha chumba, milo mitatu na, pengine, matembezi ya kwenye mahekalu. Vinywaji mara nyingi havimo. Katika meli nyingi hata chupa ya maji inayoletwa mezani wakati wa chakula cha jioni huandikwa kwenye hesabu ya chumba. Msafiri hutia saini kijikaratasi kila anapohudumiwa, na usiku wa mwisho huletewa jumla. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Vijikaratasi vile ndivyo daftari lenyewe, ila linatunzwa na mwenye meli.

Kwa kuiogopa hesabu hiyo ya usiku wa mwisho, wasafiri wengi hushawishika kununua kifurushi cha vinywaji mapema. Je, kinafaa? Jibu letu ni kwamba kifurushi ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Kinamfaa mmoja na kumpunja mwingine, na njia ya kujua wewe ni yupi kati ya hao ni kuhesabu kabla ya kulipa.

Sisi sote tunavifahamu vifurushi vya simu. Mtu hulipa mapema, hupewa muda maalumu, na muda ukiisha kile asichokitumia huenda zake. Kifurushi cha vinywaji kina tabia hiyohiyo. Kwa hiyo swali la kwanza lihusu muda: saa ngapi kwa siku kifurushi kinafanya kazi, na katika saa hizo wewe utakuwa wapi? Matembezi ya mahekalu huanza asubuhi na mapema ili kulikwepa jua. Anayekwenda Abu Simbel kutoka Aswan huondoka kabla ya mapambazuko, husafiri kwa barabara takriban kilomita 300, na kurudi mchana. Saa zote hizo kifurushi kiko melini, nawe haupo. Siku ya kwanza huanza mchana, na siku ya mwisho huisha baada ya kifungua kinywa. Ulizeni basi kama malipo huhesabiwa kwa siku au kwa usiku, maana safari ya usiku 4 huweza kuhesabiwa kuwa ya siku 5.

Swali la pili lihusu kilichomo. Misri hutoza ushuru mkubwa kwa vileo vinavyotoka nje, na kwa sababu hiyo vifurushi vingi huishia kwenye vinywaji vya nchini humo: maji, soda, chai, kahawa, juisi, na bia au mvinyo wa huko. Maneno “kila kitu kimo” hayana maana moja kwa kampuni zote. Pengine juisi ya matunda iliyokamuliwa papo hapo haimo, au kahawa ya baada ya mlo haimo, au maji yaliyowekwa chumbani hayamo. Ombeni orodha iliyoandikwa. Orodha isiyopatikana kabla ya malipo ni vigumu kuipata baada yake.

Swali la tatu lihusu nani analazimika kununua. Zipo kampuni ambazo, mtu mmoja akinunua kifurushi, humtaka kila mtu mzima wa chumba hicho anunue pia. Kwa mume anayependa bia mbili za jioni na mke ambaye hanywi kileo kabisa, sharti hilo hubadilisha hesabu yote. Vivyo hivyo, anayesafiri akiwa amefunga Ramadhani atalipia saa za mchana ambazo hatakunywa hata funda moja. Ulizeni kama kipo kifurushi kisicho na vileo, na kama bei yake kweli ni ndogo.

Sasa tufanye hesabu kwa mfano. Tarakimu hizi ni za kujifunzia tu, kila mmoja aweke za kwake. Tuseme kifurushi ni dola 25 kwa mtu kwa siku, kodi ikiwa ndani, na kinahesabiwa kwa siku 5. Mtu mmoja atalipa dola 125. Tuseme tena kwamba asiyekuwa na kifurushi hununua kila siku chupa mbili za maji kwa dola 4, soda kwa dola 3, juisi kwa dola 4 na kahawa kwa dola 3. Hizo ni dola 14 kwa siku, na kwa siku 4 kamili ni dola 56.

Tusiishie hapo, kwa kuwa bei iliyoandikwa kwenye orodha ya baa huenda si bei ya mwisho. Kodi ya ongezeko la thamani nchini Misri ni asilimia 14, na hoteli na migahawa mingi ya kitalii huongeza pia tozo ya huduma, aghalabu asilimia 12. Tozo ikiongezwa kwanza na kodi ikafuata, kinywaji cha dola 100 hufikia takriban dola 128. Kwa hiyo dola 56 zetu zitakuwa kama dola 71 na nusu. Kwa watu wawili, tofauti kati ya kununua kifurushi na kulipa kinywaji kimoja kimoja ni takriban dola 107. Ili kifurushi hicho kirudishe gharama yake, mtu mmoja angelazimika kunywa zaidi ya glasi sita za juisi ya dola 4 kila siku. Ni nani kati yetu anywaye hivyo nyumbani kwake?

Hatusemi kwamba kifurushi ni hasara daima. Anayekunywa bia au mvinyo kadhaa mchana na jioni huweza kufaidika. Familia yenye watoto wanaoomba soda kila saa huweza kufaidika pia, endapo watoto hutozwa bei pungufu. Tena kuna thamani ya kujua mapema jumla ya gharama, na mtu anaweza kuamua kwa hiari kulipa zaidi kidogo ili alale bila wasiwasi. Tunachoomba ni kwamba autambue ukubwa wa hicho “kidogo” kabla ya kukitoa.

Kuhusu maji tunasema jambo moja la pekee. Kiangazi joto la Aswan huvuka nyuzi 40, na maji hapo ni hitaji la afya. Kabla ya kuuliza habari za juisi na kahawa, ulizeni maji: chupa ngapi hutolewa bure kwa siku, chumbani, mezani na kwenye basi la matembezi? Msafiri asijinyime maji kwa kuogopa hesabu. Ikiwa jibu haliridhishi, tengeni fungu la maji katika bajeti tangu mwanzo.

Tugeukie sasa ubora wa huduma. Kosa linaloonekana mara kwa mara katika matangazo ni kuifanya baa iliyojaa iwe ushahidi wa huduma njema. Mambo hayo mawili hayafuatani. Vinywaji vyaweza kuwa vingi na mhudumu asionekane. Vyaweza kuwa vichache na msafiri akahudumiwa kama mgeni wa heshima.

Kuna alama chache zinazoweza kukaguliwa kabla ya safari. Ya kwanza ni jina la meli. Mikataba mingi hutaja meli fulani kisha huongeza maneno “au inayolingana nayo”. Maneno hayo humpa muuzaji ruhusa ya kuwapakia katika chombo kingine. Ulizeni nani ataamua kwamba vyombo hivyo vinalingana, na mtafidiwa nini endapo havilingani. Ya pili ni chumba chenyewe. Meli za Nile zinapotia nanga Luxor na Aswan mara nyingi hupangwa ubavu kwa ubavu, hata dirisha lililosifiwa kwa mandhari ya mto likatazamana na dirisha la meli ya jirani, na abiria wakalazimika kupita ndani ya meli nyingine ili kufika ukingoni. Vyumba vya chini, karibu na injini, huwa na kelele zaidi. Ya tatu ni watu: idadi ya vyumba, idadi ya wahudumu, na ukubwa wa kundi litakaloongozwa na kiongozi mmoja mahekaluni, pamoja na lugha atakayoitumia. Katika dahabia watu ni wachache na mhudumu huwajua kwa majina, lakini bei ya chumba huwa juu. Hapo tena ni suala la kupima.

Alama ya nne iko karibu nanyi kuliko zote. Ni namna wakala anavyojibu maswali haya. Anayewajibu kwa maandishi, kwa subira na bila kuwaharakisha amekwisha kuwaonjesha sehemu ya huduma anayoiuza. Anayesema “lipeni kwanza, mengine mtayaona huko” amewaonjesha pia.

Lipo pia suala la bakshishi. Katika meli za Nile ni desturi wasafiri kuombwa kiasi fulani kwa kila mtu kwa kila usiku, ambacho hugawanywa kati ya wafanyakazi. Kiongozi wa matembezi na dereva hutarajia chao kando. Kununua kifurushi cha vinywaji hakuondoi bakshishi hiyo, na tozo ya huduma iliyoandikwa kwenye hesabu huenda isichukuliwe kuwa mbadala wake. Hatuwaambii msitoe. Wapishi, wasafisha vyumba na wahudumu wa meza hutegemea sana fedha hiyo. Tunawaambia mjue kiwango chake mapema, ili mtoe kwa moyo mkunjufu bila kuona kwamba mmeviziwa.

Mwisho, haki yenu. Mwenye meli yuko mbali, lakini wakala aliyewauzia safari hapa nchini yuko karibu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha na kuhadaa katika biashara, pamoja na maelezo ya uongo kuhusu bei na ubora wa huduma. Sheria huwa na nguvu zaidi mkononi mwa mwenye ushahidi. Kwa hiyo hakikisheni kwamba risiti na mkataba vinataja jina la meli, aina ya chumba, kilichomo na kisichomo katika kifurushi, saa zake, sarafu ya malipo na masharti ya kurejeshewa fedha. Tangazo lenyewe lihifadhiwe pia, hata kama lilikuja kwa simu.

Mkiwa safarini, tunzeni nakala ya kila kijikaratasi mnachokitia saini. Ombeni kuona hesabu ya chumba kila baada ya siku moja au mbili, msingoje usiku wa mwisho ambapo kila mtu ana haraka. Huduma ikipungua, mwambieni meneja wa meli siku hiyohiyo, kwa maandishi mafupi, na kupiga picha panapofaa. Mkiletewa hesabu yenye kipengele msichokitambua, andikeni kando yake kwamba mnakipinga kabla ya kutia saini. Mkirudi, anzeni na wakala, mkimpa muda wa kujibu. Akikataa au akinyamaza, leteni nyaraka zenu katika ofisi yetu.

Ndugu wananchi, fedha ya kikundi ni jasho la watu wengi. Kabla hamjamkabidhi mtu fedha hiyo, kaeni pamoja jioni moja, mkiwa na kalamu, orodha ya bei na ukweli kuhusu mnachokunywa. Kazi hiyo ni ya saa moja, na humwezesha kila mmoja wenu kuutazama Mto Nile akijua kwamba analipia alichokitaka.