Bima ya Mzazi, Kinga ya Mtoto: Sheria za Shirikisho la Marekani na Hatima ya Familia Maskini



Jioni hii nitazungumzia sheria za serikali ya shirikisho ya Marekani zinazohusu ustawi wa watoto, huduma kwa familia na bima ya afya. Wapo watakaouliza: ya Marekani yanatuhusu nini? Yanatuhusu, maana maelfu ya familia zinazozungumza Kiswahili, nyingi zikiwa za wakimbizi wa mashariki mwa Kongo waliopitia kambi za Tanzania, Uganda na Burundi, leo zinalea watoto wao chini ya sheria hizo katika miji kama Louisville na Columbus. Zaidi ya hapo, nchi hiyo imezitunga na kuzirekebisha kwa zaidi ya miaka mia moja, na kila mwenye kutunga sheria ya mtoto ana la kujifunza humo.

Hoja yangu ni moja. Sheria ya mtoto isipimwe kwa ahadi zake tu, ipimwe kwa njia inayopitiwa na fedha. Tukiifuata njia hiyo, tutaona kwamba kinga kubwa ya mtoto maskini ni bima ya afya ya mzazi wake.

Ahadi ya mwaka 1909

Januari 1909 Rais Theodore Roosevelt aliitisha mkutano Ikulu, Washington, kujadili watoto wanaoishi kwa misaada. Mkutano uliazimia kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto nyumbani kwao. Mwaka 1912 ikaundwa Ofisi ya Watoto ya shirikisho, chini ya Julia Lathrop, mwanamke wa kwanza kuongoza ofisi ya ngazi hiyo nchini humo. Mwaka 1935 Sheria ya Hifadhi ya Jamii ikaanzisha ruzuku kwa watoto waliokosa mtu wa kumtegemea.

Ruzuku hiyo iliendeshwa na majimbo, na majimbo mengi yaliweka sharti kwamba nyumba ya mtoto iwe "inayofaa". Mwaka 1960 Louisiana iliwafuta watoto wapatao 23,000 kwenye orodha ya msaada, wengi wao Weusi, kwa hoja kwamba mama zao walizaa nje ya ndoa. Januari 1961 Waziri wa Afya, Elimu na Ustawi wa shirikisho, Arthur Flemming, alitoa agizo: jimbo haliwezi kutangaza kwamba nyumba haifai, likamnyima mtoto msaada, kisha likamwacha humo humo. Ama liisaidie nyumba itengemae, ama limpeleke mtoto mahali pengine. Agizo lilikuwa la haki. Mwaka huo huo Bunge liliidhinisha fedha za shirikisho za kumlipia mtoto aliyeondolewa nyumbani akalelewa kwingine. Hapo ndipo ulipoota mzizi wa mfumo wa leo wa malezi ya kambo, na mzizi huo uliota penye fedha.

Fedha zilikoelekea

Mwaka 1980 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoyataka majimbo yafanye juhudi za kuridhisha kuiweka familia pamoja kabla ya kumwondoa mtoto. Sheria hiyo hiyo ilianzisha fungu linaloitwa IV-E. Kwa kila mtoto anayestahili aliye katika malezi ya kambo, serikali ya shirikisho ililipa sehemu ya gharama, bila ukomo wa idadi. Fungu la kuisaidia familia kabla haijavunjika liliwekewa kikomo, tena kidogo. Afisa mwema aliyetaka kumtafutia mama mmoja matibabu alilazimika kuzitafuta fedha huku na huko. Fedha za kumwondoa mtoto wake zilikuwa tayari. Sisemi kwamba maafisa walikuwa na nia mbaya. Nasema bajeti ilikuwa imekwisha kuwaamulia.

Ngoja niwaonyeshe jambo moja la ofisini. Ustahiki wa fungu la IV-E ulifungamanishwa na ruzuku ya zamani kwa familia maskini. Ruzuku hiyo ilifutwa mwaka 1996, lakini kipimo chake kikabaki. Hadi leo, mtoto anapoondolewa nyumbani, mtumishi wa jimbo hukaa na mafaili akapiga hesabu: je, familia hii ingestahili ruzuku kwa viwango vilivyokuwepo tarehe 16 Julai 1996? Bei za vyakula zimepanda, kodi za nyumba zimepanda, ila viwango hivyo havikuguswa. Kwa hiyo kila mwaka watoto wanaofikiwa na mkono wa shirikisho hupungua, na mzigo hubaki kwa majimbo.

Mwaka 1997 zilitungwa sheria mbili kubwa. Agosti ulizaliwa mpango wa bima ya afya ya watoto, CHIP, uliopiganiwa na Maseneta Edward Kennedy wa Democratic na Orrin Hatch wa Republican, kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao wana kipato kinachozidi kiwango cha Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, lakini hawamudu bima binafsi. Novemba ikaja Sheria ya Kuasili na Familia Salama. Hiyo iliagiza kwamba mtoto akikaa katika malezi ya kambo miezi 15 kati ya 22 ya karibuni, jimbo liiombe mahakama ifute haki za mzazi, isipokuwa katika hali chache kama mtoto anapolelewa na ndugu. Shabaha ilikuwa njema: watoto wasizeeke katika nyumba za kuhamahama. Lakini uraibu wa dawa za kulevya hautibiki kwa kalenda ya mahakama. Mzazi anayengoja nafasi ya matibabu anaona miezi ikihesabiwa wakati bado yuko kwenye foleni.

Mlango wa mwaka 2018

Februari 2018, ndani ya sheria ya bajeti, ilipitishwa Sheria ya Familia Kwanza. Kwa mara ya kwanza fungu la IV-E liliruhusiwa kulipia kinga kwa upana: tiba ya afya ya akili, tiba ya uraibu, na mafunzo ya malezi yanayotolewa nyumbani, hadi miezi 12, bila kuuliza kipato cha familia. Ikabana pia malipo ya kuwaweka watoto katika makao ya pamoja kwa zaidi ya wiki mbili, isipokuwa kwa masharti maalumu. Wakati huo watoto walio katika malezi ya kambo walikuwa zaidi ya 430,000. Kufikia mwaka 2022 walikuwa chini ya 370,000. Siwezi kuipa sheria hiyo sifa yote ya upungufu huo, lakini ilielekeza fedha upande unaostahili.

Mlango huo, hata hivyo, ni mwembamba. Hulipia programu zilizopimwa kitaalamu na kuorodheshwa tu, na nusu ya matumizi sharti iende kwa zile zenye ushahidi wa daraja la juu. Haulipii kodi ya nyumba wala chakula, ilhali sababu inayotajwa mara nyingi zaidi watoto wanapoondolewa ni kutotunzwa ipasavyo, na mara nyingi huko ni kukosa tu. Kuna pia sharti la tatu lenye uzito: huduma ambayo Medicaid ingeilipia haiwezi kuhamishiwa kwenye fungu hili. Kwa maneno mengine, sheria yenyewe inakiri kwamba mlipaji wa kwanza wa kinga ni bima ya afya.

Bima inapokuwa sheria ya mtoto

Medicaid ilianza Julai 1965 kwa saini ya Rais Lyndon Johnson. Leo hulipia takriban uzazi 4 katika kila 10 nchini humo. Mtoto wa malezi ya kambo hukatiwa bima hiyo, na tangu sheria ya Rais Obama ya mwaka 2010, kijana aliyefikia utu uzima akiwa katika malezi hayo huendelea nayo hadi atimize miaka 26. Hayo ni mema. Sasa tumtazame mzazi.

Sheria ya 2010 ilikusudia kumpa Medicaid kila mtu mzima mwenye kipato cha hadi asilimia 138 ya mstari wa umaskini. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba majimbo yasilazimishwe. Majimbo kumi, yakiwemo Texas, Florida na Georgia, hayajaupanua mpango. Katika mengi ya majimbo hayo mzazi wa kawaida huingia Medicaid kwa kipato kidogo mno, tena kwa sababu anaishi na mtoto anayemtegemea. Fikirieni mama mwenye uraibu katika jimbo la namna hiyo. Mtoto akiondolewa, ile sababu ya kuwa na bima inaweza kuondoka naye. Mahakama inamwamuru atibiwe ndipo arudishiwe mtoto, na wakati huo huo anaweza kupoteza kadi ya kulipia matibabu. Sioni dhuluma ya kimya kuliko hiyo katika mfumo mzima.

Julai 2025 ilipita sheria nyingine ya bajeti. Watu wazima walioingia Medicaid kupitia upanuzi watatakiwa, kuanzia mwaka 2027, kuthibitisha saa 80 za kazi au shughuli nyingine kila mwezi. Wazazi wenye watoto wa miaka 13 au chini wamesamehewa, ila mama wa binti wa miaka 14 hakusamehewa. Kuanzia Oktoba 2026, mkimbizi ambaye hajapata kibali cha ukaaji wa kudumu hatastahili Medicaid ya kawaida. Hapo ndipo familia za Kiswahili zinapoguswa moja kwa moja. Mzazi aliyetoka kambini na majeraha ya vita anahitaji tiba mwaka wa kwanza, kabla hajazoea kwamba kumwachia kaka mkubwa wadogo zake, jambo la kawaida kwetu, huko kunaweza kumleta afisa wa ustawi mlangoni.

Yatupasayo

Kinga ni bora kuliko tiba, twasema, na tukisema tuilipie. Kwa Marekani natamka mambo matatu: kipimo cha 1996 kifutwe, mzazi asipokonywe bima kwa sababu mtoto ameondolewa, na hesabu ya miezi 15 isianze kabla matibabu hayajapatikana. Kwetu sisi tunaoandika sheria za mtoto na za bima ya afya katika wizara tofauti na mbele ya kamati tofauti za bunge, nasema sheria hizo zikae meza moja. Kila muswada wa mtoto uulizwe swali hili kabla ya kupigiwa kura: ni fedha gani zitamfikia mzazi kabla ya afisa kumfikia mtoto? Muswada usio na jibu urudishwe kwa walioupeleka.