Baba, Mwana na Njia Ndefu





Katika mambo ya michezo, masikio ya watu yamezoea habari za washindi: nani aliyetangulia, nani aliyevunja rikodi, na nani aliyepewa kikombe. Habari itakayoelezwa hapa ni ya watu wawili ambao hawakuwa wachezaji wa kulipwa, wala hawakukimbia kwa kutafuta kikombe. Walakini majina yao yalikuja kujulikana kuliko ya wengi waliowatangulia. Watu hao ni Dick Hoyt na mwanawe Rick, wenyeji wa jimbo la Massachusetts katika nchi ya Marekani.

Rick alizaliwa mwezi wa Januari 1962. Wakati wa kuzaliwa, kitovu kilimzunguka shingoni, na ubongo wake ukakosa hewa. Ikawa hawezi kutumia mikono wala miguu, wala kutamka neno. Maradhi hayo huitwa mtindio wa ubongo. Waganga waliwashauri wazazi wampeleke katika nyumba ya kulelea wasiojiweza, wamwache huko, kwa kuwa hatakuwa na fahamu ya jambo lo lote. Wazazi hawakukubali. Walikuwa wameona jambo moja ambalo waganga hawakulipa uzito: kila walipopita chumbani, macho ya mtoto yaliwafuata. Basi wakamchukua nyumbani, wakamlea kama mtoto mwingine ye yote, na mama yake, Judy, akamfundisha herufi.

Rick alipotimia umri wa miaka 10, yaani mwaka 1972, mafundi wa Chuo Kikuu cha Tufts walimtengenezea mashine ya kompyuta. Hapo kwanza mafundi nao walisitasita, wakisema kwamba huenda hakuna kitu kichwani mwa mtoto huyu. Baba yake akawaomba wamsimulie jambo la kuchekesha. Wakasimulia, naye Rick akacheka. Ndipo walipokubali. Mashine hiyo ilionyesha herufi moja baada ya moja, naye alichagua ile aliyoitaka kwa kugusa kibonyezo kwa upande wa kichwa chake. Watu wa nyumbani walikaa wakingoja neno lake la kwanza, kila mmoja akidhani litakuwa la kumwita mama au baba. Kumbe neno la kwanza lilikuwa la kuishangilia timu ya Boston ya mpira wa magongo wa barafuni! Kwa neno hilo ilidhihirika kwamba mtoto aliyedhaniwa hana fahamu alikuwa akifuata mashindano siku zote, ila hakuwa na njia ya kusema. Mwaka 1975 alipokelewa katika shule ya serikali, pamoja na watoto wengine.

Sasa tuje kwenye mbio. Mwaka 1977 palifanyika mbio za maili 5 za kukusanya fedha kwa ajili ya kijana mmoja mchezaji aliyepatwa na ajali akapooza. Rick alimwambia baba yake ya kwamba ataka washiriki, ili kijana yule aone kwamba maisha hayakwisha. Yafaa ieleweke kwamba ombi lilitoka kwa mwana. Dick wakati huo alikuwa na umri wa miaka 36, mtu wa jeshi la akiba la anga, wala hakuwa mkimbiaji. Alishika mikono ya kiti cha magurudumu ambacho hakikutengenezwa kwa mbio, akakisukuma maili zote 5, na wakamaliza, mbele yao watu wote isipokuwa mmoja. Mwili ulimuuma kwa siku nyingi. Lakini usiku ule Rick aliandika kwa mashine yake kwamba walipokuwa wakikimbia, alijiona kana kwamba hana ulemavu.

Kwa maneno hayo baba alipata kazi ya maisha yake. Alianza kujizoeza kila siku. Saa ambazo Rick alikuwa shuleni, Dick alitia mfuko wa saruji katika kiti akausukuma barabarani, ili mikono na miguu izoee uzito. Kisha wakatengenezewa kiti chepesi kinachofaa mbio, wakaanza kwenda huku na huku katika mashindano ya mwisho wa juma.

Msidhani kwamba walipokelewa kwa vigelegele. Katika siku zile za mwanzo wengi hawakutaka kuwa karibu nao. Wakimbiaji waliwatazama kando, na wenye mashindano walisema kwamba hawa si wakimbiaji wa miguu, wala si wa viti, basi hawana fungu lao. Walipotaka kuingia rasmi katika marathoni ya Boston, waliambiwa lazima kwanza watimize muda uliowekwa. Na muda waliopimiwa haukuwa wa umri wa baba mwenye miaka 40 na zaidi, bali wa umri wa mwana aliyekuwa kijana. Dick hakugombana na mtu. Mwaka 1983 walikwenda Washington, wakakimbia marathoni ya huko kwa saa 2 na dakika 45, na mlango wa Boston ukafunguka. Mwaka 1992 walipunguza muda huo hata kufika saa 2 na dakika 40. Mwenye kujua mbio ajua kwamba muda huo si haba kwa mtu aliyekimbia peke yake. Sembuse aliyesukuma mtu mzima mbele yake!

Baadaye mwandaaji mmoja wa mashindano alimshauri Dick ajaribu triathloni. Huu ni mchezo wa mambo matatu yanayofuatana pasipo mapumziko: kwanza kuogelea, kisha kuendesha baiskeli, na mwisho kukimbia kwa miguu. Dick alijibu kwamba atakubali kwa sharti moja tu, kwamba Rick awemo. Mwenye mashindano alikataa, akaenda zake. Kisha alirudi na kukubali. Ikabaki shida nyingine: Dick hakujua kuogelea, na baiskeli alikuwa hajaipanda tangu utotoni. Akajifunza majini kama mtoto mdogo, na hapo mwanzo alizama kama jiwe. Mwezi wa Juni 1985, katika siku ambayo Wamarekani huwaadhimisha akina baba, waliingia triathloni yao ya kwanza.

Namna walivyofanya ni hii. Majini, Rick alilazwa katika mashua ndogo ya mpira, na kamba yake ikafungwa katika kizibao alichovaa baba, naye akaogelea akiivuta. Walipofika ufukoni, Dick alimbeba mikononi hadi kwenye baiskeli maalumu iliyokuwa na kiti mbele. Baiskeli ilipokwisha, alimbeba tena akamweka katika kiti cha mbio, wakaendelea. Rick alikuwa na uzito wa karibu kilo 50. Mwaka 1989 walikwenda Hawaii katika yale mashindano makuu yaitwayo Ironman, ambayo watu wengi wenye afya timamu hushindwa kuyamaliza: kilomita 3.8 baharini, kilomita 180 kwa baiskeli, na marathoni kamili ya kilomita 42 juani. Waliyamaliza kwa saa 14 na dakika 26.

Katika maisha yao baba na mwana hawa walishiriki mashindano zaidi ya 1,100. Ndani yake mlikuwa na triathloni zaidi ya 250, marathoni zaidi ya 70, na nusu marathoni zaidi ya 90. Hizo nusu marathoni, za kilomita 21, hazikuandikwa sana magazetini. Lakini huenda ndizo zilizofanya kazi kubwa zaidi. Kwa maana mashindano makubwa huja mara moja kwa mwaka, na mbio hizi ndogo zilifanyika katika miji ya kawaida, siku ya mapumziko, mbele ya watu wa kawaida. Huko ndiko jirani alikozoea kumwona Rick, akamzoea hata akamwita kwa jina lake. Na mtu akiisha kuitwa kwa jina lake, si rahisi tena kumwita kwa kilema chake.

Wako waliouliza, na swali lao si la kudharauliwa: Je, baba huyu hakuwa akimtumia mwanawe kwa kutafuta sifa? Jawabu lapatikana katika mambo mawili. La kwanza, Dick alipoambiwa mara kwa mara kwamba akiingia peke yake angeweza kupata muda bora, alikataa, akasema kwamba hana haja ya kukimbia peke yake. La pili, na ndilo kubwa, Rick hakuwa mzigo usio na sauti. Alikuwa na njia ya kusema, na alisema. Mwaka 1993 alihitimu Chuo Kikuu cha Boston katika elimu ya watu wenye mahitaji maalumu, kisha akaishi katika nyumba yake mwenyewe akisaidiwa. Mtu wa namna hiyo angetaka kukataa, angekataa.

Wala faida haikuwa ya upande mmoja. Mwaka 2003 Dick alipatwa na mshtuko mdogo wa moyo, na ikaonekana kwamba mshipa mmoja ulikuwa umeziba kwa kiasi kikubwa sana. Mganga alimwambia kwamba lau asingekuwa na mwili uliozoezwa vile, huenda angalifariki miaka 15 kabla yake. Basi yule aliyedhaniwa kuwa anabebwa, naye alikuwa amembeba baba yake.

Mwaka 2013 walikuwa wameazimia kuaga mbio za Boston. Siku hiyo, tarehe 15 Aprili, mabomu yalilipuka karibu na mwisho wa njia, na wao pamoja na maelfu wengine wakasimamishwa kabla ya kufika. Dick alikuwa na umri wa miaka 72, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kuishia hapo. Walirudi mwaka 2014 wakamaliza, polepole, kwa saa nyingi. Baada ya hapo rafiki yao mmoja, tabibu wa meno, ndiye aliyemsukuma Rick katika mbio za Boston. Dick alifariki tarehe 17 Machi 2021, akiwa na umri wa miaka 80. Rick alimfuata tarehe 22 Mei 2023, akiwa na umri wa miaka 61. Mtoto ambaye waganga walitaka awekwe kando alikuwa ameishi miaka zaidi ya 60, na kupita katika barabara nyingi kuliko wengi wenye miguu.

Waheshimiwa, haikukusudiwa kwamba kila baba aondoke hapa akanunue kiti cha mbio. Wengi hawana nguvu hizo, wala nafasi, wala fedha. Lakini utazameni utaratibu wa mambo yenyewe. Kabla ya mbio palikuwa na shule. Kabla ya shule palikuwa na herufi za mama nyumbani. Na kabla ya herufi palikuwa na wazazi wawili waliotazama macho ya mtoto wao wakasadiki kwamba yaona. Hayo ya mwanzo hayahitaji fedha. Na yapo majumba, hapa na kwingineko, ambamo mtoto wa namna hii yumo chumba cha nyuma, wageni wakija mlango hufungwa, na akiulizwa habari zake jawabu huwa fupi. Pengine si kwa ukatili. Pengine ni kwa haya, au kwa kuogopa maneno ya watu. Walakini mtoto ni amana, na amana haifichwi.

Basi kila mzazi na aanze kwa hatua iliyo karibu: amtoe mtoto barazani, amchukue sikukuuni, ampeleke chuoni na shuleni, na hasa amwulize mwenyewe ataka nini, kisha angoje jawabu hata kama lachelewa. Nao majirani na wazee wa jamaa wamfanyie nafasi atakapofika, wasimtazame kando kama walivyotazamwa wale wawili katika mbio zao za kwanza.

Yasemwa kwamba Rick alipata kuulizwa ni zawadi gani angependa kumpa baba yake. Alijibu kwamba angependa, mara moja tu, baba yake akae kitini, naye amsukume.

Wassalaam alaykum.