Gari Lako na Baridi ya Minnesota

Kama uko Minnesota na unakwenda nyumbani kusalimia, na gari litabaki kwenye gereji isiyo na joto hadi baridi iishe, liandae mapema.

Anza na betri. Iliyoisha chaji huganda upesi na kupasuka. Iliyojaa huhimili baridi kali. Ichaji ijae, na ukishaliegesha gari kwa mara ya mwisho, fungua waya wa hasi. Kwenye rejeta, maji na dawa ya kuzuia kuganda, nusu kwa nusu, hustahimili hadi nyuzi 37 za Selsiasi chini ya sifuri. Maji matupu yakiganda hutanuka, yakapasua injini.

Badilisha oili. Jaza tangi, tia dawa ya kuhifadhi petroli, endesha kidogo ienee. Usivute handbreki, isije ikang'ang'ania. Weka kabari kwenye magurudumu. Ziba bomba la moshi kwa matambara panya wasiingie, na ubandike karatasi kwenye usukani ikukumbushe kuyatoa.

Zaidi ya yote, usiwashe injini ndani ya gereji. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Tafadhali, mweleze na jirani yako.