Mbegu Iliyolala Haijafa



Katika milima ya Alpi, Ulaya, mbegu za jentiana ya manjano haziamki mpaka zipitiwe na majira ya baridi. Asiyejua huzitupa, akidhani zimekufa. Mwaka 1926 Eiichi Kurosawa wa Japani alionyesha kuwa ukungu wa mpunga hutoa kitu kirefushacho miche kupita kiasi. Kitu hicho, jiberelini, ni homoni ambayo hata mimea yenyewe huitengeneza. Mbegu za jentiana zikilowekwa siku moja katika maji yenye homoni hiyo, huweza kuota pasipo kungoja baridi. Ikizidi, miche hurefuka na kulegea. Basi kitalu chenye mbegu ngumu na kijaribu chache kwanza, kwa kipimo. Mbegu ni mali ya wanachama. Isitupwe kabla haijajaribiwa.